Mlenda wa Ukuta

Asubuhi ile nilitoka Rashidiya bila kujua ninakwenda wapi. Shoga yangu, ambaye nilikuwa nikilala kwenye sakafu ya chumba chake, aliniuliza huku akifunga vifungo vya sare yake ya hoteli, "Leo unaelekea wapi?"

"Mbele," nikamwambia.

"Mbele ya huku ni uwanja wa ndege," akasema. "Angalia usije ukafika."

Tulicheka, lakini hakuwa akitania. Kampuni iliyonileta Dubai kupiga deki kwenye maduka makubwa ilikuwa imepoteza mkataba, ikatufutia visa sote kwa mpigo mmoja. Nilibakiwa na wiki chache tu. Katika wiki hizo ama nipate kampuni nyingine ya kuniandika, ama nipande ndege nirudi Unguja. Wenzangu wengi walikwisha kununua masanduku. Mimi sikununua. Sikuwa na mpango wowote, ila jambo moja nililijua kama ninavyojua sauti ya mama yangu: sirudi.

Si kwamba kwetu ni kubaya. Kwetu ni pwani ya mashariki, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Maji yakitoka, wanawake wanashuka na kamba na vijiti, wanainama. Maji yakijaa, wanapanda na magunia kichwani, wanaanika. Nimezaliwa ndani ya harufu hiyo. Kilichonitoa ni swali. Nikiwa darasa la sita nilimwuliza mwalimu wa sayansi mwani wetu ukishapakiwa melini unakwenda kufanywa nini. Akasema unatengenezewa dawa ya meno. Nikamwuliza, unakuwaje dawa ya meno? Akasema, "Kaa chini." Nikauliza tena. Akaniambia nipige magoti mbele ya darasa. Nikapita mbele ya darasa, nikatoka mlangoni, na shule sikuiona tena. Mama alilia, baba alinichapa, lakini kati yao hakuna aliyelijua jibu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoka. Unguja mjini nimeuza tiketi za boti, Tanga nimeshona magodoro, Mombasa nimekaanga viazi, na kila mahali niliondoka siku walipoanza kuniambia nikae chini.

Basi nilipanda treni pale inapoanzia, nikashuka pale walipomiminika watu wengi, maana penye wengi hapakosi kazi. Wakatawanyika wote, nikabaki mimi na njia. Nikakata mitaa ya Mankhool, nikapita hoteli ndogondogo na mafundi cherehani, hadi nikatokea kwenye nyumba za zamani zilizo karibu na hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Ni nyumba za matumbawe, zenye minara ya kuvuta upepo. Nilizitazama nikajisemea, hizi ni jamaa zetu. Nyumba za mawe za Unguja ukizivua baraza na ukizipaka vumbi, ndizo hizi.

Mbingu ilikuwa imeinama. Ilikuwa miezi yao ya baridi, miezi ambayo mvua huwatembelea kidogo, kama mgeni asiyevua viatu. Ndipo upepo ukageuka na kuniletea harufu ya mwani.

Nilisimama. Dubai ina harufu ya samaki, ya udi, ya mafuta ya gari, lakini haina harufu ya mwani unaokauka. Niliifuata kwa pua, kichochoro hadi kichochoro, mpaka nikafika kwenye uzio wa mabati unaozunguka nyumba moja iliyokuwa ikitengenezwa. Lango lilikuwa wazi nusu, na kando yake amekaa mlinzi, kijana mnene wa Kenya, wa huko bara, sare imembana tumboni. Nyuma yake, uani, nikauona. Ulikuwa umetandazwa juu ya nyavu, mwekundu unaoelekea kahawia, majani yake mapana kuliko ya wetu. Lakini ulikuwa ni mwani, na ulikuwa umeanikwa, na tone la kwanza la mvua likanipiga mkononi.

Mtoto yeyote wa pwani yetu anajua kinachofuata. Mwani uliokwisha kukauka ukinyeshewa unapauka, unakuwa mweupe, na mnunuzi hata hautazami. Kazi ya mwezi mzima inakwenda na wingu moja. Kwetu mvua ikianza, hata aliye msalani anatoka mbio. Sikufikiri. Nilipita chini ya mkono wa yule mlinzi, nikaingia uani, nikaanza kukusanya.

"Wee! Wee mama! Unaingia wapi?" akapiga kelele.

"Shika upande ule!" nikamwambia. "Mvua!"

"Nishike nini? Hii si ni takataka?"

"Takataka ni mdomo wako. Shika, mwanangu, shika!"

Na kweli akashika. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda alimsikia mama yake. Tulikunja nyavu pamoja, tukavuta turubai lililokuwa limefunika mifuko ya mchanga, tukafunika mwani wote. Nilikuwa najipangusa mikono nikijiona nimeokoa mali ya watu, ndipo mlango wa nyumba ukafunguka.

Alitoka mzee mdogo wa umbo, mwenye viatu vya mpira na kofia ya nyasi. Alitazama turubai, akatazama juu, akatoa ukelele ambao hauhitaji kufasiriwa. Akarukia turubai na kulivuta. Mimi nikalivuta kwangu. Yeye kule, mimi huku, mvua katikati.

"Mvua nzuri!" akafoka kwa Kiingereza. "Mvua nzuri!"

"Mvua mbaya!" nikajibu. "Inaharibu!"

"Mvua nzuri sana!"

"Manze, huyu ni Mkorea," mlinzi akaniambia pembeni, anahema. "Hiyo mvua ameingojea tangu aje. Kila asubuhi ananiuliza, leo itanyesha? Mimi ndiye Mungu?"

Mvua ya Dubai haikai kusikiliza kesi. Tulipomaliza kuvutana ilikuwa imekwisha, na mwani uko chini ya turubai, mkavu kama ulivyokuwa. Yule mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mikono magotini. Sikuondoka. Mtu mwingine angekimbia, lakini mimi nilikuwa na swali, na safari hii hapakuwa na wa kuniambia nikae chini, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyekaa.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Kwa nini mvua nzuri?"

Aliinuka kwenye ndoo. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuokota, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alichomoa uzi wa mwani, akanitilia mkononi, akaonyesha ulimi. Nikaulamba. Chumvi. Akaingia ndani, akarudi na mtungi, akatoa uzi mwingine, mweupe kama karatasi, wa aina ile ambayo mnunuzi wetu angeutupa miguuni mwetu. Nikaulamba. Hauna kitu. Kisha akanishika mkono wa shati, akanipeleka kwenye ukuta wa nyumba. Chini, karibu na ardhi, jiwe lilikuwa limetoa unga mweupe, na alipougusa, kipande cha tumbawe kikaporomoka kama mkate mkavu.

"Chumvi," akasema. "Inakula."

Hapo nikaelewa. Zamani kidogo nyumba ile ilikuwa imekandikwa saruji, na saruji ikaifungia chumvi ndani ya mawe yaliyotoka baharini. Chumvi ikikosa pa kutokea, inajichimbia. Yeye alikuwa fundi wa chokaa kwao Korea, wa makaburi ya kale na kuta za majumba ya wafalme, na kampuni ya ujenzi ilikuwa imemleta ajaribu kipande kimoja cha ukuta. Kwao chokaa huchanganywa na gundi inayochemshwa kutokana na mwani, lakini mwani huo kwanza unaachiwa jua, umande na mvua mpaka chumvi yote iondoke. Kwetu mwani uliopauka umekufa. Kwake ambao haujapauka haujaiva.

"Wewe umechukua mvua yangu," akaniambia, akinielekezea kidole. "Sasa wewe utakuwa mvua."

Akanipa ndoo.

Ndivyo nilivyopata kazi. Baadaye nilijua kwamba vibarua wawili aliopewa kabla yangu walikimbia harufu. Mimi harufu ile ilikuwa inanibembeleza. Kila asubuhi nilipanda treni kutoka Rashidiya, nikachota maji matamu, nikaunyunyizia mwani, nikaugeuza, nikauacha jua liupige, nikaunyunyizia tena. Yeye hakuniita kwa jina, aliniita Mvua. Mimi nilimwita Mzee, na mlinzi naye akamwita Mzee, mpaka forman, msimamizi wa vibarua, akadhani ndilo jina lake.

Siku ya kuchemsha tuliwasha moto mdogo uani. Sufuria ilikuwa kubwa, na mwiko wa mbao mrefu kama kasia. Mwani mweupe ukaanza kulegea, ukayeyuka, ukawa uji mzito usio na rangi. Tukauchuja kwa kitambaa, tukikikamua sisi wawili kutoka ncha hizi na hizi, kama tui la nazi. Niliutazama uji ule ukining'inia kidoleni nikacheka peke yangu. Mwalimu wangu wa sayansi alisema kweli kidogo, kwamba mwani unakuwa kitu kingine. Kumbe angeniambia tu kwamba unachemshwa, nisingefika Dubai.

Kulikuwa na kitu cha pili, gome la ndani la mti wanaouita nurup. Lilikuja kutoka kwao likiwa vipande vikavu kama nyama ya kuanikwa. Ukililoweka, kufika asubuhi maji yake yanavutika.

"Mlenda!" nikapiga kelele nilipotia mkono. "Mzee, hii ni mlenda!"

"Nurup," akasema.

"Mlenda. Kwetu tunalia ugali."

Akaja kunionyesha kazi yake. Chokaa ikichanganywa na udongo na mchanga, jua la hapa linainyang'anya maji kabla haijashika, na ndipo inapopasuka. Ute ule wa mti unayazuia maji yasikimbie, na gundi ya mwani inashikanisha. Mimi, kwa kuwa siwezi kuona kitu nikakiacha, nilinunua bamia Mankhool, nikazikata, nikaziloweka kwenye ndoo nyingine nione kama zitafaa. Kesho yake ndoo ilinuka hata mimi nikaikimbia. Mzee alichungulia ndani, akafunika.

"Hiki chakula," akasema. "Ukuta umeshiba."

Mtu ambaye hakutupenda ni forman, jamaa mrefu wa Peshawar mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba nzima ya kumaliza na ofisi inampigia simu kila saa, na sisi tunachemsha mboga uani. Kila akipita alisema, "Yalla, Mzee, haraka, tia saruji kidogo, khalas, yaishe." Kisha ananitazama mimi. "Na huyu madam? Hapa si mahali pa madam. Hakuna choo cha madam, hakuna kofia ya madam."

"Kichwa changu kimeomba kofia ya madam?" nilimjibu, nikaitwaa kofia ya plastiki ya mlinzi na kuivaa.

"Dada, hiyo ni ya kwangu," mlinzi akalalamika.

"Kichwa chako kigumu, kitavumilia."

Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi yao kuuliza habari ya visa. Karani aliniambia, bila kuinua macho, kwamba ikiwa kipande cha majaribio kitashika na mainjinia wakikikubali, kazi itaendelea, na kazi ikiendelea Mzee atahitaji msaidizi. Kisiposhika, Mzee atarudi kwao na mimi kwetu. Inshallah, akasema. Najua inshallah ya namna mbili, ya dua na ya kumfukuza mtu kwa adabu, na hiyo ilikuwa ile ya pili.

Tulipaka kipande kile mwishoni mwa miezi ya baridi, joto lilipoanza kurudi. Kilikuwa na upana wa mlango wa mbele. Mzee alipaka, mimi nilichanganya na kumpokeza. Tulipomaliza tukatundika magunia ya katani yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na kazi yangu ikawa kuyalowesha yasikauke. Chokaa si saruji. Haitaki kukaushwa haraka, inataka kuvuta pumzi polepole chini ya kivuli chenye maji. Ukiivua mapema inapasuka.

Na hapo Mzee akaumwa. Asubuhi moja nilimkuta ameegemea sufuria, amejishika ubavu, uso umekuwa wa majivu. Yalikuwa mawe ya figo. Wakampeleka kliniki moja mtaa wa Oud Metha, nikamfuata, nikamkuta kitandani amelazwa bila kofia yake ya nyasi. Bila ile kofia alionekana kama mtu wa kawaida kabisa, na jambo hilo lilinitisha kuliko mawe yake.

"Mvua," akaniambia, "magunia usitoe. Mpaka nirudi. Yeyote akisema toa, usitoe."

"Sitoi."

"Forman akisema?"

"Mzee, mimi nimeacha shule kwa sababu ya kuambiwa."

Sijui kama alielewa, lakini alifumba macho akalala.

Siku iliyofuata forman akaja uani amevaa shati safi. Mainjinia walikuwa njiani, wamewahi kuliko ilivyotarajiwa. Alikuwa na kibarua nyuma yake mwenye ndoo ya saruji nyepesi.

"Toa magunia," akaniambia. "Huyu atapaka juu kidogo tu, ukuta upendeze. Wakubwa wanapenda kitu laini. Dakika chache, khalas."

Nikatazama ndoo ile. Ngozi nyembamba ya saruji juu ya kazi yetu yote, na chumvi ikafungiwa tena ndani. Mainjinia wangepiga picha, wangefurahi, na baada ya mwaka ukuta ungeanguka na watu wangesema, mnaona, chokaa ya Mkorea.

"Sitoi," nikasema.

"Madam, yalla."

"Hakuna yalla."

Nilichukua ndoo, nikaipindua mbele ya magunia, nikaikalia, mgongo wangu ukagusa katani iliyolowa. Maji yakanishuka kiunoni, baridi. Vibarua wakaacha kazi wakaja kutazama.

"Dada, utafukuzwa," mlinzi akanong'ona kutoka langoni. "Na mimi watanifukuza kwa kukufungulia."

"Hukunifungulia. Nilipita chini ya kwapa lako."

Forman alisogea. Alikuwa mrefu kiasi cha kuziba jua. Nilijua angeweza kumwinua mwanamume yeyote pale uani kwa kola na kumweka nje ya lango, nilishamwona akifanya. Lakini mkono wake uliishia hewani. Mbele ya watu wote wale, mtu wa heshima zake hawezi kumshika mwanamke asiye wake. Akautazama mkono, akanitazama mimi, akaurudisha. Wiki zote zile alikuwa akiniambia kwamba hapa si mahali pa mwanamke. Sasa kwa kuwa ni mwanamke niliyekaa pale, hapakuwa na wa kunitoa.

"Inuka," akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Niinue."

Vibarua wakaguna. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Una kichwa kama punda," forman akasema.

"Punda ndiye anayebeba mawe ya nyumba hizi tangu zamani. Nenda kapokee wageni wako, kaka. Mimi nimekaa."

Mainjinia walipoingia walinikuta hivyo. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, madam mmoja Mwarabu wa Sham aliyevaa buti zenye vumbi la kweli. Aliuliza kwa Kiingereza kwa nini nimekaa pale. Nikamwambia, mwenye ukuta huu yuko hospitali na amesema usifunuliwe. Akauliza, ukifunuliwa? Nikamwambia, atakufa. Akauliza, nani, mzee au ukuta? Nikamjibu, mmoja atafuatia mwingine.

Alicheka. Kisha akachuchumaa, akainua pembe moja ya gunia kwa vidole viwili, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akakwaruza kwa ufunguo wake. Akanyunyiza maji ya chupa, akayaona yakinywewa taratibu. Pembeni kabisa, upande unaopigwa na upepo, kulikuwa na ufa mmoja mwembamba kama unywele. Aliuona. Mimi niliuona kabla yake. Tukatazamana.

"Mfunike," akasema.

Walikaa ofisini muda mrefu. Jibu lilikuja vipandevipande, kama yanavyokuja majibu ya maofisi. Nyumba yote haitapakwa kwa mwani, itapakwa kwa chokaa ya mifuko kutoka kiwandani, kwa sababu muda hautoshi. Lakini ukuta ule mzima na chumba cha wageni nyuma yake tumeachiwa mimi na Mzee. Nilikwenda kumwambia kitandani. Akauliza ufa uko upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema, "Upepo. Siku nyingine magunia mawili," akageukia ukutani. Nadhani alikuwa anafurahi.

Nikarudi kwa karani. Safari hii aliinua macho.

"Tunaweza kukuandika," akasema. "Lakini kuna tatizo dogo. Kambi yetu ni ya wanaume. Hatuna malazi ya wanawake. Uwe na malazi yako mwenyewe, anwani ya kweli, tutaipeleka pamoja na maombi. Mpaka Jumapili." Akatabasamu kwa upole. Ilikuwa njia ya kuniambia hapana bila kulisema neno lenyewe, maana ilikuwa Alhamisi, na yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba mwanamke asiye na visa hapewi chumba, na asiye na chumba hapewi visa.

"Jumapili nitakuletea," nikasema.

"Inshallah."

"Sema unavyotaka. Nitaleta."

Kwa shoga yangu hakukuwezekana. Chumba kile kilikuwa cha hoteli, na msimamizi alikwisha kunusa kwamba kuna mgeni. Aliponusa, kwa kweli, aliinusa mikono yangu. Shoga yangu alinikabidhi begi langu akilia, nikamwambia asilie, ameniweka muda mrefu kuliko ndugu.

Tatizo la pili lilikuwa ndoo. Nilikuwa nimeloweka nurup kwa ajili ya kuanza ukuta mkubwa, gome la mwisho tulilokuwa nalo hadi mzigo mwingine ufike kutoka kwao. Ijumaa na Jumamosi lango linafungwa. Ute ule ukiachwa juani unaoza kama bamia zangu, na nikiuacha mikononi mwa forman, siku mbili ni nyingi kwa mtu aliyeaibishwa. Basi nikafunika ndoo kwa kitambaa, nikaibeba mkono mmoja, begi mkono mwingine, nikatoka langoni.

"Unaenda wapi na hiyo supu?" mlinzi akaniuliza.

"Kutafuta mahali pa kulala."

"Na ndoo?"

"Na ndoo."

Alikuna kichwa chini ya kofia yake, ambayo nilikuwa nimemrudishia. "Kuna wasichana Waganda, Mankhool, nyuma ya ile duka ya mapazia. Naimba nao kanisani. Mmoja ameenda kwao. Lakini wako wakali, dada. Ukisema nimekutuma watakufungia mlango."

"Basi sitasema."

Nilianza na milango mingine kwanza, kwa kuwa njia ilipita hapo. Kwenye jengo la kwanza mlinzi alitazama ndoo akasema hakuna nafasi. La pili mama mmoja alifungua, akavuta pumzi, akafunga. La tatu walitaka kunichukua mimi bila ndoo. Nikawashukuru nikashuka ngazi. Mtu angeniambia niitue tu ile ndoo kando ya barabara, nipate kitanda, nimalize. Lakini nimekwisha kuacha mengi njiani katika maisha yangu, mengine ya thamani, na nilijua ladha yake. Ile siitui.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika nyuma ya duka la mapazia. Mkubwa wa chumba alifungua mlango akiwa na kilemba cha taulo kichwani, amefika kutoka kazini muda mfupi. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, wa kazi ya hoteli, na nyuma yake niliona vitanda vya ghorofa na wanawake wengine wakinyoosha shingo.

"Nyabo, unataka nini?" akauliza.

"Kitanda."

"Kitanda kiko. Hiyo kitu iko na nini ndani?"

"Mlenda wa ukuta."

"Mlenda wa nini?"

"Wa ukuta. Natengeneza kuta za zamani. Hii inachanganywa na chokaa."

Akageuka kuwatazama wenzake. "Banange! Ukuta inakula mboga." Wakacheka wote. Akanirudia. "Wewe ingia. Hiyo iache huko nje."

"Nje paka wataimwaga. Mimi na ndoo tunaingia pamoja, au hatuingii."

Kicheko kikakoma. Alikunja mikono. Nilikuwa nimechoka, vidole vimekufa ganzi kwa mshikio wa ndoo, na nilijua kwamba nyuma yangu hakuna mlango mwingine. Sikushusha macho. Tulisimama hivyo, mpaka mmoja wao, mwembamba, wa kaskazini mwa Uganda, akapenya chini ya mkono wake, akafunua kitambaa. Akatia kidole, akakivuta juu, na ute ukamfuata ukining'inia.

"Otigo!" akasema. "Hii si ni kama otigo ya kwetu? Mama yangu anapika hivi hivi."

"Usilambe," nikamwambia. "Hii ni ya jiwe."

"Inanuka?" mkubwa akauliza.

"Ikikaa pabaya inanuka. Ikikaa kwenye kivuli, imefunikwa, hainuki. Pana baraza?"

Akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, kwenye vumbi la chokaa lililonikausha ngozi kama samaki mkavu. "Baraza iko," akasema mwishowe. "Lakini ikinuka, tunamwaga hiyo, na wewe tunakumwaga."

"Sawa."

Wakaniambia namba ya jengo na ya chumba, nami nikaziandika kwenye kiganja kwa kalamu ya yule mwembamba, nisije nikazipoteza kabla ya Jumapili. Ndoo nikaiweka barazani, pembeni, pale ambapo kivuli cha jengo la pili kinafika. Kisha nikapanda kitanda changu, cha juu, kilichobanana na ukuta. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia utupu, kama debe. Mbao za jasi tu, hauna hata jiwe moja.

"Unagonga nini huko juu?" mkubwa wa chumba akauliza kutoka chini.

"Napiga hodi."

"Umeshaingia, nyabo. Shuka ufunike ndoo yako."